Cha Pili, cha Tano, cha Nane

Tulimzika Profesa Kiplimo mwezi uliopita, kwenye mteremko wa majani chai nyuma ya nyumba ya mama yake, na nilikaa hemani tangu asubuhi nikisikiliza watu wazima wakidanganya. Mchungaji alisema marehemu hakuwahi kumwonea hata nzi. Mwenzake wa chuo kikuu, bwana mmoja mwenye tai nyekundu, alisimama akasema marehemu alitumia maisha yake kutafuta utaratibu ndani ya vurugu, na kwamba aliuonyesha ulimwengu kuwa hakuna mstari usio na mwisho unaoweza kuukimbia mpangilio. Watu wakapiga makofi bila kuelewa neno hata moja. Mimi nilielewa, kwa sababu nimeifundisha hisabati hiyo hiyo mpaka leo, na Kiplimo ndiye aliyenionjesha mara ya kwanza. Sikupiga makofi. Nilikunja mikono nikamkumbuka mshonaji nguo mmoja kutoka Kisii, jina lake Nyaboke, ambaye hakuna aliyemtaja siku hiyo. Kwa ajili yake nilimdharau Kiplimo akiwa hai, na sikuona sababu ya kuacha kwa kuwa sasa amelala ndani ya sanduku la mbao ya bei. Kwetu ukimsema maiti vibaya watu hutazama chini. Basi na watazame.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kupata alama za kwenda chuo kikuu, lakini siku hizo ukipita mtihani ulirudi nyumbani kwanza kungoja zamu yako, na zamu ilichelewa mpaka watu wakasahau kuwa ulipita. Nikapelekwa kwa shangazi yangu, Senge kama tunavyowaita dada za baba zetu, upande wa Sotik karibu na Chepilat, nimsaidie kuchuma chai na kukamua. Kiplimo, mwanawe, alikuwa nyumbani pia. Alikuwa akisomea shahada ya pili ya hisabati, na chuo chao kilikuwa kimefungwa tena kwa mgomo. Alivaa koti la suti hata akienda chooni. Asubuhi alikaa sebuleni, kwenye kiti kilichofunikwa kitambaa cha kufuma, akisubiri chai iletwe, na Senge alimletea yeye kabla ya kumpelekea mtu mwingine yeyote, akiwa ameinama kidogo kama anayemhudumia askofu. Nimewaona wasomi wengi tangu hapo, lakini bado sijaona mtu aliyejua kukaa kitini namna ile.

Nyaboke alipanga chumba cha mabati karibu na geti. Cherehani yake ilikaa kibarazani, na hapo alishona sare za shule na magauni ya kwaya, huku binti yake mdogo, Kemunto, akichezea vipande vya vitambaa chini ya meza. Miaka michache kabla, wakati wa vita vya mpakani kati yetu na Wakisii, alichomewa nyumba akatoroka na cherehani hiyo na mtoto mgongoni. Senge alimpa chumba wakati majirani walikuwa hawataki kusalimiana na mtu wa upande wa pili wa barabara ile ya mpaka. Hilo lazima niliseme kwa haki, kwa sababu kuna mengine nitakayosema juu ya Senge yasiyo mazuri. Jioni tulikula pamoja jikoni, ugali na mboga ile chungu ambayo sisi tunaiita isagek na wao chinsaga, na Nyaboke na Senge walibishana kila mara ni nani anayejua kuitia maziwa vizuri. Walicheka sana wale wanawake wawili. Chumba kile kilikuwa ndicho kitu pekee Nyaboke alichokuwa nacho hapa duniani baada ya cherehani na mtoto, na alikifagia kana kwamba anatarajia ukaguzi.

Kiplimo hakula jikoni. Chakula chake kilipelekwa sebuleni, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekipeleka, na kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine wa kujisifu mbele yake, alianza kunifundisha. Siku moja alimwaga juu ya meza maharagwe na mahindi makavu, akaniambia niyapange mstari mmoja nipendavyo, mradi tu pasiwe na maharagwe matatu wala mahindi matatu yaliyoachana kwa nafasi sawa. Niliona ni mchezo wa watoto. Nikaweka maharagwe mawili, mahindi mawili, maharagwe mawili, mahindi mawili. Nikafurahi. Akasema, "Sasa ongeza ya tisa." Nikiweka haragwe, la kwanza na la tano na hilo la tisa yalikuwa yameachana sawasawa. Nikiweka hindi, yalifuatana matatu mwishoni. Nikavuruga nikaanza upya, nikapanga kwa ujanja, kwa hasira, kwa kufumba macho. Kila mara ya tisa ilinishinda. Kiplimo alikuwa akila huku akinitazama, na mafuta ya nyama yaking'aa kidevuni. Akaniambia kwamba ukiwa na mstari usio na mwisho, hata ukiupanga ovyo namna gani, utapata humo nafasi sawa za urefu wowote unaotaka: tatu, kumi, elfu. Huwezi kuukwepa mpangilio. Hauna maana yoyote, akasema, upo tu, kwa sababu nafasi ni nyingi na rangi ni chache.

Wiki nyingine alinionyesha njia ya pili, na hiyo ndiyo iliyonifanya nisilale. Alisema, chukua mistari yote inayoweza kuwepo, kila mmoja uufanye kuwa mahali, kama kijiji. Mistari miwili ni majirani ikiwa imefanana kwa muda mrefu pale mwanzoni. Kisha uusogeze mstari hatua moja, halafu moja tena, na kila ukisogea umefika kijiji kingine. Nchi hiyo imebana, akasema, haina pa kutorokea, kwa hiyo kuna msafiri ambaye lazima siku moja atarudi karibu na alipoanzia, na atarudi tena kwa hatua zilizo sawa. Nilimwelewa kwa sababu ndivyo tulivyochuma chai: unamaliza mistari yote ya shamba, na unapofika mwisho machipukizi ya mstari wa kwanza yanakungoja tena. Nilimwambia hivyo akacheka, akasema nisichafue topolojia na majani chai. Hata hivyo namshukuru kwa maharagwe yale na kwa vijiji vile. Nimeishi navyo maisha yangu yote. Mtu anaweza kukupa kitu kizuri na bado awe mtu wa hovyo, na asiyejua hilo hajakaa na watu.

Mwaka ule Kiplimo alikuwa akioa. Msichana alitoka kwa Arap Tonui, mzee wa kanisa wa ng'ambo ya kijito, mtu mwenye ng'ombe wa gredi na chai ya kutosha kumsomesha mkwe hadi Ulaya, jambo ambalo Kiplimo alilitaja mara nyingi kuliko alivyolitaja jina la msichana. Kabla ya koito, siku ya kupatana mahari, wazee wa upande wa msichana walikuwa waje kuona boma, na hakuna boma la Kipsigis linalopokea wakwe bila mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kibuyuni. Mvua ndefu zilikuwa zimekazana. Senge alitoa vibuyu vyake vyote, tukavisugua kwa ufagio wa vijiti vya sosiot, tukavipaka ndani makaa ya mti wa senetwet mpaka vikawa na ile rangi ya samawati iliyofifia, na kila jioni tukajaza kibuyu kimoja tukakitundika ukutani, tukianzia mlangoni kuelekea ndani. Vilikuwa kumi na kimoja kwa mstari mmoja. Nyaboke aliingia humo jikoni karibu kila siku, kwa sababu pasi yake ilikuwa ya makaa na moto ulikuwa wetu. Alichota makaa mekundu kwa koleo, akayajaza kwenye pasi, akatoka akiipepea.

Siku ya kuonja ilifika, Jumamosi mchana. Senge alifungua vibuyu kimoja kimoja. Cha kwanza kilikuwa kitamu. Cha pili kilikuwa kimetengana, maji juu na mabonge chini, na harufu ya ngozi mbichi. Cha tano kilikuwa vivyo hivyo, na cha sita, na cha nane. Vingine vyote vilikuwa vizuri. Vibuyu vinne kuharibika wakati wa mvua kama ile si ajabu. Kibuyu kisipokauka vizuri maziwa hukasirika, kila mwanamke anajua. Senge mwenyewe alikuwa ameshaanza kuvimwaga huku akilalamikia mvua. Lakini Arap Tonui alikuwa amekuja kupanga mambo ya ile ziara, na aliposikia kuna maziwa yameharibika aliacha chai yake sebuleni akaja kusimama mlangoni mwa jikoni, mahali ambapo wanaume wa umri wake hawafiki. Akanyoosha bakora yake akihesabu. Pili. Tano. Nane. Akarudia, akigonga kila kibuyu. Viwili katikati, viwili katikati. Senge akamwambia na cha sita pia kimeharibika. Mzee akakitazama akasema hicho kina ufa, tukiache. Hakikuwa na ufa. Nilikisugua mimi mwenyewe.

Kisha akauliza ni nani huingia humu jikoni ambaye si wa nyumba hii. Mlango ulikuwa wazi, na kila mtu aliisikia cherehani kule kibarazani. Ndipo Senge akasema, kwa sauti ndogo, kwamba Nyaboke huja kuchukua makaa. Mzee akauliza ni siku gani. Senge akajaribu kukumbuka, na hapo ndipo nilipomwona mtu mwema akianza kuharibika mbele ya macho yangu kama maziwa yenyewe. Akakumbuka kwamba siku tuliyojaza cha pili, ndiyo, Nyaboke alikuja. Na siku ya cha tano alikuja, alikuwa na magauni ya kwaya. Na siku ya cha nane pia. Alikuja siku zote, jamani, alikuja na siku ya cha kwanza na ya cha saba na ya cha kumi, lakini mzee hakuuliza hizo.

Arap Tonui alituamuru sote tukae sebuleni. Alikuwa mjanja, sikatai. Alijua kwamba mzee wa kanisa hawezi kusema jicho baya, lile linaloharibu maziwa kwa kuyatazama tu, mchana kweupe. Angesikika hadi kwa mchungaji. Akamgeukia Kiplimo, ambaye muda wote huo alikuwa hajainuka kitini. "Sisi ni Wakristo," akasema. "Mambo ya jicho hatuamini, hapana kapisa. Lakini wewe ni mtu wa hesabu. Niambie kwa hesabu tu. Hii kitu ya pili, tano, nane, inaweza kujipanga bure?"

Nilimtazama Kiplimo. Kwenye meza ile ile, mbele ya magoti yake, kulikuwa bado na punje mbili za mahindi zilizobaki katika somo letu la mwisho. Alikuwa na jibu mdomoni, jibu alilonipa mwenyewe huku akila nyama: hauna maana yoyote, upo tu. Maneno machache hayo yangetosha. Mzee angenuna, pengine ziara ingesogezwa mbele wiki moja, basi. Kiplimo aliweka kikombe chini polepole, akarekebisha koti. "Mzee," akasema, "kwa upande wa hisabati, nafasi zilizo sawa namna hiyo si jambo la kupuuza. Mpangilio ni mpangilio." Halafu akaongeza neno la Kiingereza ambalo sitalirudia, kwa sababu halikuwa na kazi yoyote pale ila kuwatisha watu wasiolijua. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alikuwa amepata uchawi uliofuliwa na kupigwa pasi, anaoweza kuuvaa kanisani.

Nikasimama. Msichana wa umri wangu hakusimama mbele ya mzee kama yule bila kuitwa, na nilijua hivyo. Nilisema kwamba na vibuyu vizuri navyo vimejipanga: cha kwanza, cha nne, cha saba, cha kumi, vinne vizima, mstari mrefu kuliko wa vibovu. Nikauliza ni nani aliyeingia jikoni siku hizo akavibariki, tumshukuru. Nikasema Kiplimo anajua haya, aulizwe. Kiplimo akatabasamu kwa upole, ule upole wa mtu anayemtazama mtoto aliyevunja kikombe, akamwambia mzee kwamba nimesoma kidogo tu na kidogo hicho kimenipanda kichwani. Wakacheka. Senge hakucheka, lakini aliniambia niende nikaangalie ndama. Debe tupu haliachi kuvuma, wanasema wahenga. Lile lilivuma hadi likawa profesa.

Senge alimwendea Nyaboke Jumapili baada ya kanisa kumwambia ahame. Nilikuwa nyuma ya ukuta nikichambua mboga, nikasikia yote. Alizunguka sana, akataja wageni, akataja kwamba chumba kitahitajika, akataja mvua. Nyaboke akamwacha amalize. Kisha akasema, "Mama Kiplimo, watu wameshaniambia sokoni. Sema tu." Senge akaanza kulia, akasema si yeye, ni wazee, na hata Kiplimo amepiga hesabu akaona. Nilipochungulia Nyaboke alikuwa akifunga uzi kwenye kipande cha kadibodi, taratibu, kama mtu asiye na haraka. "Mara ya kwanza walikuja na mishale," akasema. "Saa hii wamekuja na hesabu. Mishale ilikuwa afadhali, mtu anaona inatoka wapi." Hakulia. Aliomba apewe mpaka siku ya ziara ipite, kwa sababu ya mtoto. Senge akasema wazee wanataka awe ameondoka kabla. Hata hivyo akamwambia, na hili nililisikia vizuri, kwamba mambo yakitulia, maziwa yakionekana hayana shida naye, atamwita arudi, chumba hatampa mtu mwingine. Nyaboke aliondoka kesho yake na mkokoteni wa kukodi, cherehani ikiwa imelazwa juu ya godoro. Alivuka barabara pale Chepilat, akaanza kushona chini ya upenu wa duka la jamaa yake, nje, kwenye tope.

Basi mimi nikaishikilia ahadi ile ya Senge. Tulijaza vibuyu upya, na nilikuwa na uhakika kama nilivyo na uhakika wa jua kwamba katika vibuyu vile vipya, kwa mvua ile ile na ukuta ule ule, kingeharibika angalau kimoja. Sikukiombea wala sikukifanyia lolote. Nilisugua kwa bidii kuliko wengine, ili pasiwe na wa kunisingizia. Kikiharibika kimoja tu wakati Nyaboke yuko ng'ambo ya barabara, kikaharibika mbele ya Arap Tonui mwenyewe, angetafuta bakora yake mahali pa kuielekeza asipate. Sijawahi kutamani kitu kioze namna ile.

Wakwe walikuja Alhamisi ya wiki iliyofuata, wakajaza sebule, wanaume kwenye viti na wanawake kwenye mkeka. Kulikuwa na nyama ya kuchoma na ugali wa wimbi. Kazi ya kumimina mursik ilikuwa yangu. Nilimimina kibuyu cha kwanza, wazee wakanywa wakasifu. Nikafungua cha pili pale pale mbele yao, na kabla sijakitikisa nilijua. Harufu ilikuja ndogo lakini ilikuwa ile ile, ngozi mbichi. Moyo wangu ulipiga kwa furaha, nasema kweli, furaha tupu. Kikombe kilichokuwa tupu kilikuwa cha Kiplimo. Nikammiminia. Maji yalitangulia, kisha mabonge yakaanguka. Nikasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Hiki kimeharibika. Kiplimo, onja uwaambie."

Arap Tonui akaacha kutafuna. Senge alikuwa mlangoni na sinia, na nilimwona akinitazama, akielewa, macho yake yakielekea dirishani upande wa kile chumba cha mabati. Alikuwa tayari. Naapa alikuwa tayari kumtuma mtu Chepilat jioni ile. Ilibaki neno moja tu, na mtu wa kulisema alikuwa mwanawe.

Kiplimo alikitazama kikombe. Akakiinua, akanywa, na koo lake nililiona likikataa, likapanda, likashuka, akaendelea kunywa hadi chini. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Akashusha kikombe, akalamba midomo mbele ya wakwe zake.

"Ni tamu," akasema. "Huyu msichana hajazoea mursik ya kukomaa."

Wazee wakapumua. Mtu akacheka. Arap Tonui akaegemea nyuma, akagonga bakora sakafuni mara moja, akamwambia Senge, "Unaona, Mama? Tangu yule mama aende, maziwa imekuwa sawa." Senge akaitikia kwa kichwa, akaweka sinia mezani, na hakuangalia tena dirishani.

Nilikuwa bado nimesimama katikati ya chumba na kibuyu mkononi. Kiplimo akaninyooshea kikombe chake, nimwongezee.